Usiandike Yote, Mmoja Si Wangu

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoandikia watu barua: wa steshenari za Nachingwea, wa Ruangwa, na hasa wewe Zuhura, ambaye najua ukifika katikati utanuna. Nuna tu, lakini soma mpaka mwisho, maana mwisho wenyewe ni mtamu, na wewe pia umo.

Mimi ni Mama Rukia, mpiga chapa. Kwa miaka ambayo sitaki kuihesabu nilikaa na taipureta yangu kwenye kibaraza cha fundi cherehani pale Nachingwea. Siku za gulio niliifunga ndani ya kanga nikapanda nayo gari kwenda Ruangwa. Waliotaka barua za harusi na maombi ya kazi walikuwepo, lakini wachache. Wengi walikuja kwa sababu kuna kitu jana kilikuwa chao na leo kiko kwa mtu mwingine. Mtu anakaa kwenye kigoda, analia au anatukana, na mimi namwandikia malalamiko yake.

Nimeshastaafu. Taipureta iko chini ya kitanda, imefunikwa gunia, na wajukuu wanaichezea wakidhani mimi nimesinzia. Lakini msimu wa korosho uliopita nilitoka tena mara moja, kwa ajili ya Bi Somoe wa upande wa Nkowe aliyechukuliwa mikorosho yake, na mikorosho ile imerudi. Narudia: imerudi yote, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni. Naambiwa huko Ruangwa kuna watu wanasema nina dawa. Sina dawa yoyote. Nina namna ya kufanya kazi, na namna yenyewe nilifundishwa na Mngoni.

Mngoni huyo ni marehemu Mzee Komba. Alikuwa karani wa mahakama, akaletwa huku na serikali kutoka Songea, akaoa huku, akastaafu huku, akaweka meza ya kuandikia watu. Mimi nilitoka kwetu Marambo na cheti cha kupiga chapa na vidole vyepesi, nikaomba kukaa pembeni yake. Nilidhani kazi ile ni mbio. Siku ya kwanza nilimaliza barua kabla mteja hajamaliza kufuta machozi. Mzee Komba akaichukua, akaisoma polepole, midomo inacheza.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Ndivyo alivyosema, mzee."

"Alisema au alilia? Kulia hakuandikwi, binti. Hebu muulize upya."

Nikamtania, kwa sababu Mngoni na sisi Wamwera tuna yetu ya zamani. Nikamwambia, "Nyinyi Wangoni ndio mlikuja kuwateka babu zetu, mkabeba mahindi na watu. Leo unanifundisha mimi habari ya kuporwa?"

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Ndiyo maana nayajua maneno yake yote," akasema. "Nyinyi mlikuwa mnakimbia, sisi tulikuwa tunahesabu."

Na kweli aliyajua. Aliyapanga kichwani mwake kama fundi anavyopanga sindano, nene na nyembamba, na hakuwahi kutumia nene palipotakiwa nyembamba. Kuiba, alisema, mwenyewe hayupo au haoni. Kunyang'anya, mwenyewe yupo, anaona, na hawezi kuzuia. Kupora kuna fujo ndani yake. Kupokonya, kitu kiko mkononi kabisa na mkono unafumbuliwa. Kukwapua ni mara moja kisha mbio, kama hawa wa siku hizi wanaopita na pikipiki wakaondoka na simu yako huku bado unasema haloo. Kutapeli ni wewe mwenyewe uliyetoa, tena ukicheka. Mtu akitolewa kwenye uenyekiti wa kijiji, amevuliwa. Ambaye hajapewa kabisa kilicho haki yake, amenyimwa, na huyo usimwandikie kwamba ameporwa kwa sababu hakijawahi kufika mkononi mwake. Halafu kuna kudhulumu, na hilo Mzee Komba alilisema kwa sauti ya chini. Kudhulumu hakuna mbio wala fujo. Aliyekudhulumu mnakutana naye msikitini, mnapeana mkono, anakuuliza habari za watoto, na haki yako amekaa nayo.

Msidhani nilikuwa nayakariri ili nijionyeshe. Kila neno lina mlango wake. Barua inayosema kuiba inaenda polisi, ya mpaka wa shamba inaenda baraza, ya mirathi inaenda kwingine. Ukikosea neno, mtu anagonga mlango ambao ndani yake hakuna mwenyewe, anarudi nyumbani anaamini kwamba haki imekwisha duniani.

Kwa hiyo Mzee Komba alikuwa na maswali matatu, na hakuna mteja aliyeyakwepa. Kitu kilikuwa kwa nani? Kilitokaje? Sasa kiko kwa nani? Mpaka umeyajibu yote, yeye kalamu haishiki. Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka Mkotokuyana, amevaa kanzu, amekuja na hasira zake. Akasema niandike ameporwa mke. Mzee Komba akainua mkono kunizuia.

"Alibebwa?"

"Hapana."

"Alipiga kelele?"

"Hapana. Alifunga mizigo."

"Mizigo gani?"

"Masufuria yake. Na godoro."

"Nani alimfungia kamba ya godoro?"

Yule bwana akatazama chini. "Mimi. Aliniomba nimsaidie."

Mzee Komba akamwambia kwa upole kwamba hapo hakuna aliyeporwa kitu, aende akazungumze na wakwe zake, na ikiwezekana aache kuwa hodari wa kufunga kamba. Alienda. Baada ya mwezi alipita na mkewe nyuma ya baiskeli, godoro juu ya kichwa cha mkewe, akatupungia mkono.

Mimi sasa, na yote hayo niliyofundishwa, nilikuja kuharibu. Nawaeleza kosa langu kwa sababu nyinyi mna kompyuta na mtalirudia kwa kasi kuliko mimi.

Mzee Komba alikuwa mgonjwa, mimi niko peke yangu mezani. Akaja kijana wa kwetu Marambo, Issa. Mjomba wake aliazima baiskeli ya Issa abebee magunia ya ufuta, msimu ukaisha, baiskeli hairudi. Issa alipokwenda kuidai, mjomba akamjibu, "Baiskeli ya mpwa wangu ni yangu, nani amekulea?" Kwetu sisi mjomba ni mtu mkubwa, wakati mwingine kuliko baba, kwa hiyo Issa alirudi mikono mitupu na aibu tele. Nikamhurumia. Nikataka barua yake iwe na nguvu. Nikamuuliza, "Alikuwa ameshika kitu?" Akasema alikuwa na panga, ndiyo kwanza anatoka shamba. Basi nikapiga chapa: alininyang'anya baiskeli kwa nguvu akiwa na panga mkononi.

Niambieni, huku kwetu ni mwanamume gani anayetoka shamba bila panga? Hata imamu analo. Lakini askari aliyesoma barua ile hakuwa akimjua mjomba, alikuwa anajua karatasi. Karatasi ilisema unyang'anyi wa kutumia silaha, na hilo ni kosa lisilo na dhamana. Mjomba akachukuliwa mbele ya wake zake na watoto wake, akafungiwa.

Aliyekuja kwangu siku ya pili ni mama yake Issa, dada wa yule mjomba. Hakukaa kwenye kigoda. Alisimama mbele ya fundi na wateja wote akasema, "Mwanamke wewe, kaka yangu umemfanya jambazi kwa mashine yako." Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiitaja uso unapata moto. Tulihangaika mimi na Issa, huku na kule, kueleza kwamba baiskeli ilikuwa ya kuazimwa, kwamba panga lilikuwa la kufyekea. Mjomba alitoka. Baiskeli ilirudi pia, lakini Issa hakuwahi kuipanda pale kijijini, aliishia kuiuza kwa mtu wa mbali. Na mjomba hakunijibu salamu mpaka alipokufa.

Mzee Komba alipopona nilimpa nakala ya ile barua nikasubiri matusi. Hakunitukana. Alichukua penseli, akaandika nyuma yake: "Nilimwazima mjomba wangu baiskeli, hajairudisha, naomba airudishe." Akanipa. Akasema, "Ungeandika hivi, ingerudi kabla ya Ijumaa." Karatasi ile ninayo hadi leo, imekaa ndani ya Msahafu wangu.

Sasa ndiyo tunafika kwa Bi Somoe, na kwako Zuhura.

Alikuja kwangu baada ya masika, asubuhi, amefika kwa bodaboda kutoka Nkowe mpaka Ruangwa, halafu gari mpaka kwangu. Mwanamke mrefu, mkavu, ananizidi miaka si chini ya kumi. Kiswahili chake anakichanganya na Kimwera, na mimi namjibu vivyo hivyo. Akavua kandambili mlangoni, akakaa mkekani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua nzuri kwa macho. Herufi kubwa, mistari minene, juu kabisa imeandikwa KUPORWA SHAMBA LA MIKORORO. Nikajua hii ni kazi ya steshenari, tena ya haraka, maana hata mikorosho ilikosa herufi zake.

"Nani alikuandikia hii, dada?"

"Binti mmoja Ruangwa. Binti mzuri, ana heshima. Alinipa na maji."

Huyo ni wewe, Zuhura. Maji ulimpa, Mungu akulipe. Barua ndiyo tatizo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mume wa Bi Somoe, Mzee Hamisi, alifariki. Mikorosho iliyokuwa inamlisha bibi huyu ilikuwa kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe. Arobaini ilipopita, shemeji yake aitwaye Ausi, mdogo wa marehemu, akamwambia ardhi ni ya ukoo, kwa hiyo na kilicho juu yake ni cha ukoo, asikanyage tena. Bi Somoe alikuwa na binti yake Masasi aliyemwambia, mama njoo ukae na sisi. Hakutaka. Aliniambia, "Nikienda kwa mkwe wangu nitakuwa mgeni mpaka nizikwe. Mie nataka kula cha mkono wangu." Bila mikorosho ile, ilikuwa ni Masasi tu.

Basi barua ya Zuhura ikapelekwa baraza la kata. Siku hizi baraza halihukumu kama zamani, linasuluhisha. Wazee wakamuuliza swali moja tu: hilo shamba uliloporwa, ardhi yake ni ya nani? Na Bi Somoe, ambaye hajui kusema uongo hata wa kumtuliza mtoto, akajibu: ya ukoo wa mume wangu. Wakakunja karatasi. Wangefanya nini? Amesema ameporwa shamba, na shamba kwa kinywa chake si lake.

Hata mimi nusura nianguke shimo lile lile. Nilikuwa nimeshaanza kukasirika kwa ajili yake, mkono unatafuta neno nene. Ndipo nikamkumbuka Mzee Komba, nikaanza na maswali yake.

"Mikorosho ilikuwa kwa nani?"

"Kwangu. Nilipanda mwenyewe. Hamisi alikuwa kibarua kwenye mkonge huko, anarudi Idi hadi Idi. Baba mkwe alinionyesha pori akasema, safisha, panda, miti itakuwa yako."

Mnaona? Kwetu jambo hili kila mtu analijua, ila likishafika kwenye karatasi linasahaulika: ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule. Tunahesabu mikorosho kabla ya kuhesabu ekari. Hata binti akiolewa wazee wanauliza, kwao wana mikorosho mingapi? Bi Somoe hakuwa ameporwa shamba. Alikuwa amezuiwa asiokote chini ya miti yake.

"Haya dada," nikasema, "naandika nirudishiwe mikorosho yangu yote."

Akanishika mkono. "Usiandike yote. Mmoja si wangu."

"Vipi tena?"

"Ipo thelathini na mitatu. Yangu thelathini na miwili. Ule wa karibu na kichuguu aliupanda Ausi. Alikuwa kijana, baba yake akamtuma aje anisaidie. Akachimba shimo moja, akatia mbegu, akasikia ngoma ya unyago upande wa pili. Akatupa jembe, akaenda. Mpaka leo hajarudi kumalizia."

Nilicheka mpaka nikalia. Huku mtu kamfukuza, yeye anamlindia mkorosho wake.

Taipureta niliitoa chini ya kitanda, utepe wa wino umekauka kama ugali wa jana. Nikaandika kwa mkono, nikafunga safari mpaka Ruangwa, nikamkuta Zuhura mwenyewe. Barua ilisema hivi: ardhi ni ya ukoo wa marehemu mume wangu na siidai, baba mkwe alinipa ruhusa ya kupanda, nimepanda mikorosho thelathini na miwili, shemeji yangu Ausi amenizuia kuokota korosho chini yake, naomba aniachie, mkorosho ulio karibu na kichuguu ni wake.

Zuhura akaisoma mara mbili. "Mama, hivi tu? Mbona haina nguvu? Hata 'amenidhulumu' hamna?"

"Hilo watalisema wao wakishaona. Chapa hivyo hivyo. Na mikorosho uiandike mikorosho."

Akanuna, akachapa.

Baraza likakaa tena. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, Mzee Mnali, mtu wa kuuliza kidogo na kunyamaza sana. Ausi akaja, kofia nyeupe, kifua mbele. Sikumchukia, nawaambia ukweli. Alikuwa anaamini anachosema, au alikuwa amekisema mara nyingi hadi kimekuwa kweli kwake. Akasema miti yote ilipandwa na marehemu baba yao. Bi Somoe akasema niliipanda mimi. Waliokuwepo wakati ule wote wako makaburini. Neno la huyu, neno la yule, na wazee wakaanza kutazamana kama watu wanaotaka kwenda kula.

Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikasema, "Mwenyekiti, sasa hivi hakuna bibo hata moja juu ya mti, hata maua bado. Twendeni shambani. Kila mkorosho, huyu aseme unatoa mabibo ya rangi gani, na yule aseme. Tuandike wote. Mwezi wa kumi tukaangalie."

Ausi akacheka. "Mabibo ni mabibo. Nimekubali."

Twende. Mimi nilibeba vitambaa nilivyopewa na yule fundi wangu wa zamani, nikaviandika namba kwa wino, tukafunga kila mkorosho namba yake. Katibu wa baraza anaandika kwenye daftari lake, mimi kwenye langu, tusije tukaambiwa tumebadilisha. Ausi alianza kwa madaha. Mwekundu. Manjano. Mwekundu. Alipofika wa nane akachoka, akasema, "Hiyo mingine yote andikeni manjano."

Bi Somoe yeye alitembea kama mtu anayepita kusalimia majirani. Aliweka kiganja kwenye kila shina. "Huu mwekundu, na unatangulia wenzake. Huu manjano, korosho zake ndogo, zinaumiza vidole kubangua. Huu mwekundu. Huu uliliwa na ubwirinyungu miaka miwili, nikaupulizia salfa mwenyewe, mashine ya kuazima, ukapona, manjano. Huu unanichezea: manjano, lakini upande wa jua una wekundu shavuni." Alipofika kwenye kichuguu akaupita bila kuugusa. Katibu akamwita, "Bibi, na huu?" Akasema, "Huo siusemi. Si wangu, ni wa Ausi, wa siku ile aliyosikia ngoma akatupa jembe."

Wakakubaliana Bi Somoe aihudumie mikorosho, na korosho asiokote mtu mpaka baraza lirudi.

Miezi ile ya kungoja ilinitesa. Nilianza kujilaumu. Mtu wa umri ule, miti thelathini na miwili, na mimi nimemtia kwenye mtihani ambao hata mwalimu asingethubutu kuutunga. Akikosea mitano tu, Ausi atapita nayo kijiji kizima, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Nikampigia simu Bi Somoe, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama ana uhakika. Akaniuliza, "Mama Rukia, Rukia akipita kakupa mgongo, unamfananisha na mwingine?" Nikasema hapana. "Basi," akasema, akakata simu.

Mwezi wa kumi ukafika. Nilivyokuta watu pale shambani nikadhani kuna harusi. Habari ilikuwa imeenea, wamekuja na baiskeli, na bodaboda, kina mama wamekuja na watoto mgongoni. Zuhura naye alifunga steshenari yake akaja. Mabibo yananing'inia, harufu yake imejaa njia nzima. Katibu anasoma daftari, Mzee Mnali anatazama juu, mimi nafuata kwa kidole kwenye langu.

Namba moja, mwekundu. Ni mwekundu. Namba mbili, manjano. Ni manjano. Kufika namba kumi watu wakaanza kuitikia kama wako kwenye maulidi. Namba kumi na saba ndiyo ule wa kumchezea, nami niliuogopa kuliko yote. Mzee Mnali akainama akachuma bibo moja, akaligeuza. Manjano, na upande wa jua wekundu, kama mtu aliyejipaka. Akalionyesha juu. Kina mama wakapiga kigelegele ambacho naamini Nachingwea walikisikia. Thelathini na miwili! Hakukosea hata mmoja. Sina haya kusema nililia, na kanga yangu ya kujifutia alikuwa ameshaichukua Zuhura, naye analia.

Ausi alikuwa ameshakosea zaidi ya nusu. Lakini katibu ni mtu wa kumaliza kazi, akasoma na wa mwisho, ule wa kwenye kichuguu. Bi Somoe: hakuusema. Ausi: manjano.

Tukageuka wote. Ulikuwa umejaa mabibo mekundu kila tawi.

Mzee Mnali akamwangalia Ausi, akamwambia bila ukali, "Bwana Ausi, huu anasema ni wako." Yule bwana akausogelea mkorosho wake. Kisha akavua kofia, akamgeukia Bi Somoe, akasema kwa sauti ya mtu aliyekumbuka, "Shemeji, siku ile kweli nilisikia ngoma." Hapo ndipo watu walipocheka, na yeye akacheka nao, machozi yanamtoka. Hati ya makubaliano waliiwekea dole gumba pale pale, juu ya mgongo wa daftari langu. Mikorosho thelathini na miwili ni ya Bi Somoe na wa tumbo lake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa neno la kile alichofanyiwa Bi Somoe. Kila mtu alikuwa analisema njiani wakati wa kurudi, na mimi sikuwa nimeliandika popote.

Vijana wangu, kompyuta zenu ni nzuri, zinasahihisha hata pale kidole kilipoteleza. Lakini haziulizi. Mteja akikaa mbele yenu, muulizeni mpaka ajue mwenyewe amechukuliwa nini, na muulizeni pia kipi si chake. Zuhura siku hizi anauliza. Nimesikia ameandika maswali yale matatu kwenye kipande cha boksi, ameyabandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi.

Msimu ulipokwisha nilikwenda Nkowe kumsalimia Bi Somoe. Nilimkuta uani, magunia yake yameshaondoka, amechoka na amenenepa. Pembeni yake kulikuwa na kikapu kidogo cha korosho, amekifunika kwa jani la mgomba. Akaniomba tufuatane nacho kwa shemeji yake. Ausi alikuwa amekaa mlangoni anachonga mpini. Alipotuona wote wawili, mimi na Bi Somoe, akasimama haraka, nikaona uso wake unauliza kuna barua gani tena.

Bi Somoe akakiweka kile kikapu miguuni pake.

"Za kichuguuni hizi, shemeji. Nimeziokota peke yake, sikuzichanganya," akasema, akanitupia jicho. "Chukua mbele ya huyu, nisije na mie nikaandikwa."